Betri ya sola inasoma volti 12: imejaa au inakufa? Hesabu ya Nernst kwa lugha nyepesi

Kuna swali ambalo wasikilizaji wetu hulirudia kila msimu: "Betri yangu ni ya volti 12, nimepima na mita inasoma 12, mbona taa zinazimika kabla ya saa nne usiku?" Anayeuliza anaichukulia 12 kama alama ya kujaa, jinsi debe la lita 20 linavyojaa likifika 20. Betri haiko hivyo. Betri ya risasi na asidi iliyopumzika, ikisoma 12.0, imebakiwa na chaji ya robo hivi. Ukiiacha wiki kadhaa katika hali hiyo inaanza kufa, na fedha ya mavuno iliyoinunua imekwenda na maji.

Tofauti kati ya betri iliyojaa na betri tupu haifiki hata volti moja. Kwa nini ni ndogo hivyo? Jibu limo kwenye hesabu moja iliyoandikwa mwaka 1889 na Mjerumani Walther Nernst. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaikuta kwenye kemia, lakini mwenye betri nyumbani anaihitaji zaidi. Tutaipitia hatua kwa hatua. Chukua kalamu, na kama simu yako ina kikokotoo chenye kitufe kilichoandikwa "log", kiweke karibu.

UMEME WA BETRI UNATOKA WAPI

Ndani ya betri kuna vitu viwili vyenye tabia tofauti. Kimoja kina wepesi wa kutoa elektroni, kingine kina hamu ya kuzipokea. Ukiviunganisha kwa waya, elektroni zinatoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji, na njiani zinawasha taa yako. Mabadiliko ya namna hii, ambapo upande mmoja unatoa elektroni na mwingine unapokea, wanakemia huyaita redoksi. Kutu kwenye jembe ni redoksi. Kuni zinazowaka jikoni nazo ni redoksi. Betri ni redoksi iliyotenganishwa pande mbili ili elektroni zilazimike kupita kwenye waya.

Volti hupima msukumo wa elektroni hizo. Fikiria tangi la maji lililo juu ya mnara: volti ni kama urefu wa mnara, si ukubwa wa tangi. Mnara mrefu husukuma maji kwa nguvu hata kama tangi ni dogo. Shika picha hiyo, kwa sababu mbele tutaona jinsi watu wanavyouziwa betri mbovu kwa kuisahau.

Kila kitu kinachopokea au kutoa elektroni kimepewa namba yake katika hali ya kawaida iliyokubaliwa: joto la nyuzi 25 na ukolezi wa 1. Ukolezi ni wingi wa kitu kilichoyeyuka ndani ya maji. Chai iliyokolea majani ina ukolezi mkubwa, na ukiongeza maji ukolezi unapungua. Namba hiyo ya hali ya kawaida huandikwa E°. Shaba ina +0.34, zinki ina −0.76. Kupata msukumo wa betri nzima, chukua namba ya anayepokea, toa namba ya anayetoa.

Tatizo ni kwamba betri ya nyumbani haikai kwenye hali ya kawaida. Kila inapotumika, ukolezi wa vilivyomo unabadilika. Hapo ndipo Nernst anapoingia.

KANUNI YENYEWE

Nernst alizaliwa mwaka 1864, na mwaka 1920 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi zake kuhusu joto na kemia. Alikuwa kijana wa miaka 25, akifanya kazi Leipzig, alipotoa kanuni inayounganisha ukolezi na volti. Kwa joto la nyuzi 25, inasomeka hivi:

E = E° − (0.0592 ÷ n) × log Q

E ni volti unayoitafuta. E° ni volti ya hali ya kawaida. Herufi n ni idadi ya elektroni zinazohama kila mara badiliko linapotokea. Q ni uwiano: vilivyozalishwa ÷ vilivyotumika.

Namba 0.0592 imetokana na mambo matatu: joto, kipimo cha nishati ya chembe, na kiasi cha umeme unaobebwa na elektroni. Joto likipanda hadi nyuzi 35, namba hiyo inakuwa 0.061 hivi. Ni badiliko dogo, hivyo kwa matumizi ya nyumbani tutabaki na 0.059.

Na "log" ni nini? Ni swali tu: kumi imejizidisha mara ngapi? Log ya 10 ni 1. Log ya 100 ni 2, kwa sababu 10 × 10 ni 100. Log ya 1 ni 0. Log ya 0.1 ni −1, na ya 0.01 ni −2. Ndiyo maana volti hubadilika polepole sana: ukolezi lazima ubadilike mara kumi nzima ili log isogee hatua moja.

MFANO WA KWANZA: ZINKI NA SHABA

Tuanze na betri rahisi aliyoitengeneza Mwingereza John Frederic Daniell mwaka 1836. Upande mmoja kuna kipande cha zinki ndani ya maji yenye chumvi ya zinki. Upande wa pili kuna kipande cha shaba ndani ya maji yenye chumvi ya shaba. Zinki inatoa elektroni mbili, shaba iliyoyeyuka inazipokea. Kwa hiyo n ni 2.

Hatua ya kwanza, tafuta E°. Anayepokea ni shaba, 0.34. Anayetoa ni zinki, −0.76. Hesabu: 0.34 − (−0.76) = 1.10. Hali ya kawaida ni volti 1.10.

Hatua ya pili, tafuta Q. Inayozalishwa ni zinki iliyoyeyuka. Inayotumika ni shaba iliyoyeyuka. Tuseme betri imetumika hadi zinki iliyoyeyuka ina ukolezi wa 1, na shaba imebaki 0.01. Q = 1 ÷ 0.01 = 100.

Hatua ya tatu, log ya 100 ni 2.

Hatua ya nne, 0.0592 ÷ 2 = 0.0296. Zidisha kwa 2, unapata 0.059.

Hatua ya mwisho, 1.10 − 0.059 = 1.041.

Angalia kilichotokea. Shaba iliyoyeyuka imekuwa sehemu moja tu ya mia ukilinganisha na ile ya hali ya kawaida, lakini volti imeshuka kutoka 1.10 hadi 1.04 tu. Mtu asiyejua hesabu hii angeona 1.04 na kusema betri bado nzima, kumbe shaba iko ukingoni kwisha.

Kumbuka pia kitu ambacho hakimo kwenye Q: vipande vyenyewe vya zinki na shaba. Vitu vigumu visivyoyeyuka havihesabiwi, kwa sababu kipande kikubwa na kidogo vina msukumo uleule. Sheria hii ndogo ndiyo yenye uzito kwa mwenye betri ya sola.

MFANO WA PILI: BETRI YA RISASI NA ASIDI

Betri ya gari, na betri nyingi za sola vijijini, ni uzao wa ile aliyoigundua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake kuna bamba za risasi na bamba za risasi iliyoungana na oksijeni, zote zimezama kwenye asidi ya salfuri. Betri inapotoa umeme, bamba zote mbili zinameza asidi na kugeuka salfeti ya risasi, kitu kigumu cheupe. Wakati huohuo maji yanazalishwa. Kwa hiyo asidi inapungua, maji yanaongezeka. Ukichaji, kila kitu kinarudi nyuma.

Bamba chanya ina namba +1.69. Bamba hasi ina −0.36. E° ni 1.69 − (−0.36) = 2.05.

Sasa Q. Risasi, oksaidi yake na salfeti ni vitu vigumu, kwa hiyo havihesabiwi. Vinavyobaki ni asidi inayotumika na maji yanayozalishwa. Elektroni ni mbili, na molekuli za asidi nazo ni mbili, kwa hiyo mbili hizo zinakatana. Na kwa kuwa asidi ndiyo inayotumika, tukiiweka juu ya uwiano alama ya kutoa inageuka ya kujumlisha. Tunabaki na hii:

E = 2.05 + 0.059 × log (nguvu ya asidi ÷ nguvu ya maji)

Tumesema "nguvu", hatukusema "ukolezi", kwa makusudi. Asidi ya betri ni nzito, chembe zake zimebanana na zinavutana. Nguvu yake ya kikemia haipandi sawasawa na wingi wake, hupanda kwa kasi zaidi. Ukitumia ukolezi mtupu kwenye betri hii, jibu litakuwa pungufu. Wanafunzi, hapo ndipo wengi wanapokosa.

Tufanye hesabu tatu.

Nguvu ya asidi ikiwa mara 10 ya maji, log ni 1. E = 2.05 + 0.059 = 2.109. Hiyo ni seli moja. Betri ya volti 12 ina seli sita, ndiyo maana zile za kufungua zina vifuniko sita. 2.109 × 6 = 12.65. Hiyo ndiyo betri iliyojaa.

Nguvu zikiwa sawa, log ni 0. E = 2.05, mara sita ni 12.3. Betri imepita katikati ya safari au inakaribia.

Nguvu ya asidi ikiwa sehemu ya kumi ya maji, log ni −1. E = 2.05 − 0.059 = 1.991, mara sita ni 11.95. Betri iko karibu kuwa tupu.

Kutoka kujaa hadi karibu tupu, nguvu ya asidi imeshuka mara 100, lakini mita imesogea volti 0.7 tu. Ndiyo sababu namba baada ya nukta ni muhimu kuliko namba ya mbele.

JINSI YA KUSOMA MITA YAKO

Kwa betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyopumzika, tumia makadirio haya:

12.6 hadi 12.7: imejaa.
12.4: robo tatu.
12.2: nusu.
12.0: robo.
11.8 kushuka chini: tupu.

Neno "iliyopumzika" lisikupite. Kanuni ya Nernst huangalia asidi iliyogusana na bamba, si asidi yote ya kwenye boksi. Paneli ikiwa inachaji, asidi nzito inajikusanya karibu na bamba, na mita inaweza kusoma 13 au 14 hata kama betri iko nusu. Taa na redio zikiwa zimewashwa, asidi karibu na bamba inapungua, na mita inasoma chini kuliko hali halisi. Wakati mzuri wa kupima ni alfajiri kabla jua halijapiga paneli, vyombo vyote vikiwa vimezimwa kwa saa kadhaa.

Jambo lingine: betri nyingine zinazouzwa nchi za joto hujazwa asidi nyepesi kidogo ili zidumu. Hizo zikijaa zinaweza kusoma 12.5 tu, na si mbovu. Pima betri yako ikiwa mpya na imejaa, andika namba hiyo ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na hiyo ndiyo iwe kipimo chako cha kujaa.

Ikiwa umeichaji vizuri, ikapumzika, na bado inasoma 10.5 hivi, fanya hesabu ya kutoa: 12.6 − 2.1 = 10.5. Seli moja kati ya sita imekufa. Hakuna chaji itakayoiponya.

Betri za lithiamu hazitumii jedwali hili, kwa sababu ndani yake hakuna risasi wala asidi.

KITU AMBACHO MITA HAIONI

Turudi kwenye ile sheria kwamba vitu vigumu havimo kwenye Q. Betri ikikaa bila chaji kwa muda mrefu, salfeti ya risasi inageuka kuwa fuwele ngumu zinazoganda kwenye bamba. Bamba iliyoganda haifanyi kazi tena. Lakini Nernst haihesabu bamba, inahesabu asidi. Betri ambayo imebakiwa na sehemu ndogo tu ya bamba zake inaweza kusoma 12.6 safi, kama mnara mrefu wenye kikombe cha maji juu yake.

Hapa ndipo watu wanapolizwa. Betri kuukuu inamwagiwa asidi mpya yenye nguvu. Uwiano wa asidi kwa maji unapanda, log inapanda, mita inasoma vizuri. Mnunuzi anatabasamu, analipa, anafika nyumbani, na taa zinadumu nusu saa. Mita haikudanganya: ilipima asidi, na asidi kweli ilikuwa kali.

Kwa hiyo ukinunua betri iliyotumika, usikubali namba ya mita pekee. Omba ifungwe taa ya mbele ya gari ya wati 55, ambayo huvuta ampea nne na nusu hivi, na iwake robo saa mita ikiwa imeunganishwa. Betri nzima ya ukubwa wa kawaida hushuka kidogo mwanzoni kisha inatulia. Betri iliyoganda inaporomoka bila kusimama. Muuzaji akikataa jaribio hilo, umeshapata jibu lako.

Kwa sababu hiyohiyo, betri yako ikipungukiwa na maji usiongeze asidi. Kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji, asidi haiendi popote. Ongeza maji ya betri yaliyochujwa na kusafishwa, si ya kisima wala ya bomba, kwa sababu chumvi zake huharibu bamba. Ukiongeza asidi, mita itakufurahisha na bamba zitalika haraka.

HAIDROMITA

Betri yenye vifuniko vya kufungua inaweza kupimwa kwa haidromita, kile kichupa cha kioo chenye puto la mpira na kielea ndani. Kinapima uzito wa asidi. Mafundi wana njia ya mkato inayokubaliana vizuri na Nernst: chukua namba ya haidromita, jumlisha 0.84, unapata volti ya seli moja. Mfano: 1.265 + 0.84 = 2.105. Mara sita ni 12.63.

Faida yake ni kwamba inakuonyesha kila seli peke yake. Tano zikisoma 1.250 na moja 1.150, huhitaji kubahatisha tatizo liko wapi. Tofauti ikizidi 0.050 kati ya seli na seli baada ya chaji kamili, anza kuweka akiba ya betri nyingine.

TAHADHARI

Betri inayochaji hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Usipime wala kuchungulia kwa kibatari, kiberiti au sigara, na usiweke betri chini ya kitanda. Asidi ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, endelea kuosha na nenda kituo cha afya.

Usivunje betri iliyokufa ili utoe risasi, na usiwape watoto bamba zake kuchezea. Risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua vizuri: walipeleka kesi mahakamani kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri iliyokufa irudishe kwa muuzaji au mnunuzi mwenye kibali.

KWA KIFUPI

Pima alfajiri, vyombo vikiwa vimezimwa. Gawanya namba kwa sita upate seli moja. Ikiwa juu ya 2.1, seli imejaa. Ikiwa 2.05, uko karibu na katikati. Ikikaribia 2.0, zima televisheni na uiache betri ichaji siku nzima. Usiizoeshe kushuka chini ya 12.2, na usiiache tupu hata wiki moja. Na ukitaka kujua betri imebakiwa na uhai kiasi gani, iwekee mzigo, kwa sababu mita peke yake hupima msukumo tu.

Zoezi la nyumbani: betri imepumzika na inasoma 12.12. Gawanya kwa sita: 2.02. Toa 2.05: −0.03. Gawanya kwa 0.059: −0.5 hivi. Hiyo ndiyo log. Kikokotoo kitakuambia kuwa nguvu ya asidi ni karibu sehemu 0.3 ya nguvu ya maji, yaani maji yameshaizidi asidi mara tatu. Betri iko chini ya nusu. Sasa nenda ukapime ya kwako.